Maji ya Chumvi na Kinywa cha Mtoto

Mzazi akiona kinywa cha mwanawe kimejaa vyuma vya kunyoosha meno, huuliza kama havitoi sumu. Hujibiwa kwamba vimepimwa. Ni kweli, vimepimwa; tuangalie vilipimwaje.

Kipimo kimojawapo kinachotajwa sana ni cha mwaka 1983. Park na Shearer walitumbukiza vyuma vya kutosha kinywa kizima katika maji yenye chumvi asilimia 0.05, kisha wakapima madini yaliyotoka. Wastani ulikuwa mikrogramu 40 za nikeli na 36 za kromiamu kwa siku. Nikeli haikwepeki humo: chuma kisichoshika kutu kinachotumika kwa breketi, vile vipande vidogo vinavyobandikwa kwenye meno, huwa nayo kama asilimia 8, na zile nyaya za nikeli na titani, zinazorudia umbo lake zikipindwa, ni karibu nusu nikeli.

Mikrogramu 40 ni nyingi? Mwaka 2020 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka kikomo cha mikrogramu 13 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtoto wa kilo 35 ana nafasi ya 455, kwa hiyo vyuma vinachukua chini ya sehemu ya kumi. Maharage na korosho nazo zina nikeli yake. Kwa upande wa sumu ya mwili mzima, hesabu hii inaniridhisha.

Mzio ni habari nyingine. Aliyekwisha kupata mzio wa nikeli anaweza kusumbuliwa na kiasi kidogo tu, na kwa wasichana chanzo kikubwa ni hereni za bei rahisi. Utafiti uliofanyika Finland ulionyesha kuwa waliofungwa vyuma kabla ya kutoga masikio walikuwa na mzio huo kwa uchache kuliko waliotanguliza kutoga. Kwetu ushauri huo umechelewa, maana mabinti wengi hutogwa wangali wachanga. Kinachobaki ni daktari kumuuliza mama, kabla hajagusa jino, kama hereni imewahi kumtoa binti upele.

Kuna sehemu mbili ambazo mimi ningezitilia shaka kuliko breketi yenyewe. Ya kwanza ni lehemu ya fedha inayounganisha pete za magego na waya wa kutanua kaakaa. Ina fedha, shaba na zinki. Ikilowa mate pembeni ya chuma kingine, umeme mdogo hupita kati ya viwili hivyo, na madini hulika. Katika vipimo vya maabara, seli zilizowekwa pamoja na lehemu hiyo zimekufa kwa wingi kuliko zilizowekwa na chuma kitupu. Kuunganisha kwa leza huondoa lehemu kabisa, ila mashine yake ni ghali.

Ya pili ni gundi ya kubandikia breketi. Hukaushwa kwa mwanga wa buluu, na breketi ya chuma huukinga mwanga huo. Ndiyo maana daktari humulika kutoka pembeni, upande huu na upande huu. Hata hivyo si chembe zote zinazoshikana, na gundi iliyofurika ukingoni hubaki na ngozi laini juu kwa sababu hewa huizuia kukauka. Kuifuta iliyozidi kabla ya kumulika, kisha kuusugua ukingo, ni kazi ya dakika chache ambayo mwenye haraka huiruka.

Maji yale ya 1983 hayakuwa na ukoga. Kinywani, ukoga hujikusanya kuzunguka breketi, bakteria wake hugeuza sukari kuwa asidi, na asidi hiyo hushambulia pande mbili: hudhoofisha utando wa kromiamu unaokinga chuma, na hunyonya madini ya jino. Madoa meupe yanaweza kuonekana ndani ya wiki nne, wakati vyuma hukaa mwaka mmoja na nusu au zaidi. Kwa sababu hiyo daktari makini akikuta fizi zinatoka damu na ukoga umetanda, humrudisha mtoto nyumbani na mswaki na dawa ya meno yenye floridi, na breketi husubiri.