Kila Kadi na Laini Yake

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Chuo Kikuu cha Zambia mjini Lusaka kilikuwa kikituma barua za kompyuta kwa modemu na simu ya kawaida, kwa mfumo wa FidoNet. Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, kilizipokea na kuzifikisha ulimwenguni. Juhudi hizo zilizaa ZAMNET, mtoa huduma wa intaneti, mwaka 1994. Barua hizo zilipita katika mlango wa RS-232, mlango uleule ambao fundi ataukuta akiitwa kutengeneza kompyuta ya zamani iliyofungwa kwenye mizani ya malori.

Kadi ya mlango huo hudai mambo mawili: anwani, ambako prosesa husoma na kuandika, na IRQ, yaani laini ambayo kadi huitumia kuiita prosesa herufi inapofika. Mlango wa kwanza, COM1, hutumia 3F8 na IRQ4. COM2 hutumia 2F8 na IRQ3. COM3 na COM4 zina anwani zao, 3E8 na 2E8, lakini hurudia IRQ4 na IRQ3. Sababu ni kwamba PC ya IBM ya mwaka 1981 ilikuwa na laini 8 tu, na saa, kibodi, diski na printa zilikwisha kugawana sehemu kubwa.

Hapo ndipo tatizo linapojificha. Kwa kawaida kadi mbili za ISA, yaani za soketi za kompyuta hizo, haziwezi kutumia laini moja kwa wakati mmoja. Kipanya kikiwa COM1 na modemu COM3, kila kimoja kikijaribiwa peke yake hufanya kazi. Vikiwashwa pamoja, kimoja hukwama. Fundi hubadilisha kebo, kisha modemu, na ugonjwa unabaki palepale. Kadi ya mtandao ya NE2000 nayo ilitoka kiwandani ikiwa IRQ3, ikagongana na COM2.

Dawa huanzia kwenye karatasi. Orodhesha kila kifaa, anwani yake na IRQ yake, kisha tafuta nafasi. IRQ5 mara nyingi iko wazi pasipo printa ya pili wala kadi ya sauti. COM2 isiyotumika izimwe, IRQ3 ipatikane. Kompyuta za AT za mwaka 1984 ziliongeza laini, lakini kadi fupi ya biti 8 haifiki IRQ10 wala 11, kwa kuwa meno yake hayagusi sehemu ya pili ya soketi.

Sasa zima umeme, hamisha jampa, yaani kiunganishi kidogo kinachochagua IRQ kwenye kadi, kisha iambie programu namba ileile, kwani jampa haijulishi programu chochote. Mwisho, kagua chipu inayoendesha mlango huo. Kwa mwendo wa biti 9600 kwa sekunde herufi hufika takriban kila milisekunde moja. Chipu ya 8250 huhifadhi herufi moja tu, 16550A huhifadhi 16, hivyo prosesa iliyochelewa kidogo haipotezi data.

Bandika orodha hiyo ndani ya kasha. Fundi atakayekufuata ataanza kazi akijua laini ipi ina mwenyewe, badala ya kuitafuta upya.