Rilei ya Stata kwenye Njia ya Malaba na Angurai: Kinachoiua na Namna ya Kuipima

Rilei ni swichi inayoendeshwa na umeme badala ya kidole: mkondo mdogo unapopita katika koili ya waya wa shaba, koili hiyo hugeuka sumaku, huvuta kipande cha chuma, na chuma hicho huziba pengo kati ya ncha mbili nene ambazo kwazo mkondo mkubwa wa betri huenda kwenye mota ya stata. Kanuni hii, ambayo Joseph Henry aliionyesha nchini Marekani mwaka 1835, leo imo katika kila bodaboda yenye stata ya umeme inayotoka Malaba kupanda Angurai, Teso Kaskazini, kama ilivyomo katika pikipiki ya theluji, chombo chenye skii mbele na mkanda nyuma ambacho Joseph-Armand Bombardier wa Quebec, Kanada, alianza kukiuza kwa jina la Ski-Doo mwaka 1959. Chombo kimoja hulazwa nje katika baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri na kingine hakijawahi kuona barafu, lakini maradhi ya rilei zao yana asili moja, na kuyalinganisha kunasaidia kuona kosa linalorudiwa katika karakana nyingi za mpakani, yaani kubadilisha rilei kabla ya kuipima.

Inadhaniwa kwamba baridi hudhoofisha koili, na kumbe ni kinyume chake. Ukinzani wa shaba, yaani kiasi ambacho waya huzuia mkondo, hupungua kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja joto linaposhuka, kwa hiyo koili iliyopoa hupitisha mkondo mwingi zaidi na huvuta kwa nguvu zaidi, ilhali koili iliyopata moto wa injini na jua la adhuhuri hadi nyuzi 60 huwa na ukinzani uliozidi kwa takriban asilimia 16 ule iliokuwa nao kwenye nyuzi 20. Kwa koili, basi, mchana wa Malaba ni mgumu kuliko usiku wa Quebec. Kinachoitesa rilei ya nchi za theluji ni mambo mawili mengine: betri ya risasi na asidi, ambayo katika nyuzi 18 chini ya sifuri hubakiwa na karibu nusu tu ya nguvu zake, na unyevu ulionaswa ndani ya kasha, ambao huganda juu ya ncha za chuma kwa kuwa chuma hupoa upesi kuliko plastiki, ukaweka utando wa barafu mahali panapopaswa kugusana metali kwa metali.

Bodaboda ya Angurai haipati barafu, ila unyevu inaupata kwa wingi. Mvua za masika huloweka barabara za udongo kati ya Machi na Mei, matope hurushwa hadi nyuma ya kifuniko cha ubavuni, na jioni pikipiki huoshwa kwa pampu ya nguvu ikiwa bado ina moto. Hapo ndipo madhara makubwa hutendeka, kwa kuwa hewa iliyotanuka ndani ya kasha la rilei husinyaa ghafla maji baridi yanapoligusa, na msinyao huo huvuta maji kupitia upenyo mdogo kabisa pembeni mwa vituo vya waya. Maji hayo hayatoki upesi; hubaki yakila shaba hadi itoe ukungu wa kijani, na ukungu huo hauruhusu umeme kupita vizuri. Kuiacha pikipiki ipoe kwanza, kisha kuiosha bila kuelekeza mkondo wa pampu kwenye betri na rilei, ni kinga isiyogharimu chochote.

Sehemu inayohitaji umakini zaidi ni kusikiliza. Dereva anapobonyeza stata, sauti inayotoka hueleza mengi, mradi isikilizwe sawasawa. Ukimya mtupu huelekeza kwenye fyuzi, swichi ya klachi, kitufe chenyewe, au koili iliyokatika. Mlio mmoja wa tik, bila mota kuzunguka, huonyesha kwamba koili imevuta ila mkondo mkubwa haufiki, ama kwa sababu ncha za ndani zimeungua, ama kwa sababu waya mnene au mota ina kasoro. Mlio wa tik-tik-tik unaofuatana ndio unaowapotosha watu wengi, maana rilei husikika kama inayohangaika na hivyo huhukumiwa yenyewe. Ukweli ni kwamba rilei ya volti 12 huhitaji takriban volti 8 au 9 ili ivute, lakini ikishashika hukaa hata volti zikishuka chini sana ya hapo, kwa kuwa chuma kikishagusana na sumaku hakuna tena pengo la hewa la kuvukwa. Ikiwa rilei inaachia na kuvuta mfululizo, maana yake ni kwamba kila mota inapoanza kunywa mkondo, volti huporomoka vibaya mno. Mkosaji ni betri iliyochoka au kituo cha waya kilicholegea, na rilei mpya italia vilevile.

Hukumu hiyo huthibitishwa kwa mita ya umeme, kifaa kidogo ambacho karakana yoyote ya Malaba au Busia inaweza kukimudu. Betri iliyopumzika na kujaa husoma takriban volti 12.6, na stata inapozunguka haipaswi kushuka chini ya volti 9.6 hivi. Baada ya hapo nyaya za mita huwekwa kwenye vituo viwili vinene vya rilei huku kitufe kikibonyezwa: rilei nzima huacha sehemu ndogo tu ya volti moja kati ya vituo hivyo, na ile iliyoungua husoma volti moja au zaidi, ikaonyesha ni umeme kiasi gani unaopotea kuwa joto ndani yake. Kipimo cha tatu, ambacho ndicho husahaulika, huchukuliwa kati ya kituo hasi cha betri na bodi ya injini, kwa sababu boliti ya waya hasi iliyoshika kutu chini ya tope huzuia mkondo sawasawa na rilei mbovu. Zipo karakana zinazounganisha vituo viwili vya rilei kwa bisibisi ili kuona kama mota itazunguka. Njia hiyo hutoa jibu, lakini hutoa pia cheche karibu na tangi la petroli, na gia ikiwa imeingia pikipiki huruka mbele, kwa hiyo haistahili kufundishwa kwa wanagenzi.

Kwa malori ya volti 24 yanayopanga foleni mpakani kanuni ni ileile, ila huko kinachokula rilei zaidi ni idadi ya kuwashwa na kuzimwa injini foleni inaposogea hatua kwa hatua, maana kila ncha zinapoachana chini ya mzigo hupigwa na cheche inayochukua chembe ya fedha iliyopakwa juu yake.

Kuhusu matengenezo, kufungua kasha na kusugua ncha kwa msasa ni dawa ya siku chache, kwani msasa huondoa ile fedha iliyokuwa ikizilinda. Rilei iliyothibitika kuungua ibadilishwe, vituo visafishwe hadi shaba ing'ae, vikazwe, kisha vipakwe grisi au mafuta ya mgando juu ya muungano uliokwisha kukazwa, ili maji yasipate pa kuingilia. Wenye bodaboda wa Angurai waliozoea kupiga kiki kila asubuhi kwa kuwa stata imekataa wanaombwa wadai vipimo hivyo vitatu kabla ya kutoa pesa ya rilei mpya, kwa sababu kiki huwasha injini lakini huiacha betri mbovu au boliti yenye kutu palepale ilipokuwa.