Dereva naye muuaji?

Muyinga, 2006: watu wanakamatwa eti ni wa FNL, wanafungwa kambi ya jeshi, usiku wanabebwa mpaka Ruvubu, wanauawa na kutupwa mtoni. Oktoba 2008 mahakama ya kijeshi ikawatia hatiani wanajeshi 15. Kanali akahukumiwa kifo, keshatoroka.

Kijana wa Gitega kaniuliza: tuseme kuna dereva, asiyefyatua risasi, naye muuaji? Inategemea alijua nini. Safari ya kwanza labda aliambiwa anahamisha wafungwa. Lakini gari limerudi tupu, na usiku mwingine anawasha tena! Hapo muuaji, asinitajie amri ya wakubwa. Mlinzi aliyefungua geti mara ile ya kwanza bila kujua? Kumpachika mauaji sawa na kanali ni kumpunguzia kanali mzigo, tena kanali mwenyewe kizimbani hakuonekana.