Saa ya Mjomba

Marehemu mjomba wangu alikuwa karani katika mashamba ya mkonge huko Muheza. Alipofariki mwaka 1984 aliacha saa ya mkono, Seiko 5, na hadithi yake. Alisema alipewa na meneja wake, Mzungu, siku ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, kwa sababu ya uaminifu wake, naye akaitunza sandukuni miaka mingi kabla ya kuivaa. Ukoo mzima uliiamini. Hata mimi, nilipokuwa mwalimu mkuu, niliisimulia mbele ya wanafunzi asubuhi, iwe mfano wa uaminifu kazini.

Hivi karibuni binamu yangu aliniletea saa hiyo hapa Tanga. Alitaka kuitia katika fremu, na chini yake kibandiko chenye jina kamili la aina yake na maneno "Zawadi ya Uhuru". Aliniomba nimtafutie jina hilo.

Watu wengi huitambua saa kwa uso wake. Hilo ni kosa. Fundi huupaka uso rangi upya, au huweka uso wa saa nyingine, akabadili akrabu na kioo. Saa ikatoka maridadi, lakini si ile. Chuoni Korogwe tulijua kwamba insha haisahihishwi kwa kutazama jalada la daftari. Saa nayo isomwe mgongoni.

Basi niliigeuza, nikachukua kioo cha kukuzia. Saa hizo zina namba mbili mgongoni. Ya kwanza ina tarakimu nne, kistari, kisha nne nyingine: nne za mwanzo ni za mtambo, nne za mwisho ni za kasha. Ya mjomba ilianza na 7009. Namba ya pili ina tarakimu sita. Ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi. Yake ilianza na 73, yaani Machi ya mwaka unaoishia na 7. Mwaka upi? Mtambo wa 7009 ulianza miaka ya 1970, kwa hiyo 1967 haiwezekani. Mwaka 1987 mjomba alikwisha kuwa kaburini. Ukabaki 1977. Na hata bila hesabu hiyo, jina lenyewe la Seiko 5 lilianza mwaka 1963. Mwaka 1961 hapakuwa na saa ya jina hilo ya kumpa mtu.

Kulikuwa na jambo jingine: katika dirisha la tarehe, siku ziliandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiarabu.

Binamu alikasirika. "Kaka, umemvunjia baba heshima," akaniambia. Sikuwa na jibu. Tukaenda Muheza kwa mkaza mjomba, ambaye sasa ana miaka themanini na ushei. Aliishika saa, akaipangusa kwa upindo wa kanga.

"Hii nilimnunulia mimi," alisema. "Wakati wa vita vya Kagera. Niliuza mikeka, nikampa pesa baharia aliyekuwa akienda Maskati. Mjomba wako aliniomba nisiseme. Wenzake wangemcheka kwamba kavishwa saa na mkewe."

Ndugu msomaji, simlaumu sana marehemu. Yeye alikuwa akisitiri haya yake. Ninatulaumu sisi tuliosoma, tuliopenda hadithi ile kwa kuwa mtoaji alikuwa bwana mkubwa. Zawadi ya meneja ilitupa fahari. Vidole vilivyochubuka kwa ukili hatukuviona, ingawa tuliketi juu ya mikeka yake kila sikukuu. Namba zilikuwepo mgongoni miaka yote, na mwenye habari alikuwa jikoni. Mimi sikuigeuza saa, wala sikumwuliza mama yule.

Nimemwandikia binamu kibandiko: "Seiko 5, mtambo 7009, Machi 1977. Ilinunuliwa kwa mikeka." Mpaka leo hajakibandika.