Slaidi za Zamani Zapata Uhai: Mtazamo wa Kwanza wa Plustek OpticFilm 8200i

Kama una boksi la slaidi lililolala kabatini, literemshe leo! Plustek OpticFilm 8200i imetua mezani kwangu, nimeshaipitishia slaidi za kwanza, na kwa kweli sikumbuki ni lini kifaa cha picha kiliwahi kunifurahisha hivi. Skana hii ya kampuni ya Taiwan ina kazi moja tu, kusoma filamu za milimita 35, na kazi hiyo inaijua barabara.

Umbo lake ni dogo, na uzito hauzidi sana kilo moja na nusu. Ndani ya boksi mna trei mbili: moja ya slaidi nne zenye fremu, nyingine ya kipande cha filamu chenye picha sita. Unachomeka waya wa USB kwenye kompyuta, unafungua programu ya SilverFast, unasukuma trei kwa mkono mpaka isikike ikijifunga mahali pake. Basi! Picha ya awali inatokea kwenye skrini, unachagua ukubwa, unaanza.

Na hapo ndipo maajabu yanapoanza. Slaidi ni kipande cha filamu cha milimita 24 kwa 36, lakini kipande hicho kimebeba mengi kuliko tulivyowahi kuona ukutani kupitia projekta. Sehemu zake za giza ni nzito mno, na skana za kawaida za karatasi huishia kuzionyesha kama doa jeusi. Hii ina njia ya kupita mara mbili juu ya picha ileile: mara ya kwanza kwa kiasi cha kawaida, mara ya pili ikikusanya mwanga kwa muda mrefu zaidi ili kuchimba vivuli. Kisha programu inaunganisha matokeo.

Nilijaribu slaidi moja ya marehemu mjomba wangu, ya harusi ya Tanga, wageni wamekaa chini ya mwembe. Miaka yote kivuli cha mti ule kilikuwa kiza kitupu. Sasa nyuso zimetokea! Shangazi huyu hapa, watoto hawa hapa kwenye mkeka, na maua ya kanga yanaonekana moja moja. Nimewaita watu wa nyumbani waje waone, na tumekesha tukitajiana majina.

Halafu kuna suala la vumbi. Ile herufi "i" kwenye jina ina maana ya infraredi, na jinsi inavyofanya kazi ni jambo la kupendeza. Rangi za filamu nyingi hupitisha mwanga wa infraredi, ilhali vumbi na mikwaruzo huuzuia. Kwa hiyo skana inapata ramani kamili ya uchafu, kisha programu inaziba madoa hayo kwa kufuata rangi za jirani. Slaidi iliyojaa chengachenga inatoka safi bila wewe kugusa kipanya!

Tahadhari moja: Kodachrome. Filamu hiyo, iliyoanza kuuzwa mwaka 1935 na kusimamishwa mwaka 2009, ina rangi inayozuia sehemu ya infraredi, hivyo programu inaweza kudhani mstari wa kweli wa picha ni mkwaruzo ikaufuta. Tazama jina kwenye fremu kwanza. Ikiwa ni Kodachrome, zima usafishaji huo na utegemee brashi laini na kipulizia hewa. Filamu za rangi nyeusi na nyeupe zilizotengenezwa kwa fedha nazo ni hivyohivyo.

Kuhusu ukubwa, kampuni inatangaza nukta 7200 kwa inchi. Kipimo hicho kinatoa picha ya pikseli zipatazo milioni 69, na faili ya TIFF ya biti 48 inapita megabaiti 400! Lenzi yenyewe haifikii ukali wa tarakimu hiyo. Nimeweka 3600, nikapata pikseli milioni 17 na zaidi, zinazotosha kuchapisha picha kubwa ya kutundika sebuleni. Muda nao unapungua sana.

Haina mtambo wa kujilisha slaidi. Kila moja utaisukuma mwenyewe. Mwenye maelfu atahitaji subira na jioni nyingi. Mimi nimeufurahia mwendo huo, kwa sababu kila picha inapata nafasi ya kutazamwa.

Na hakuna sababu ya kungoja. Slaidi nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zinageuka nyekundu kwa kuwa rangi yake ya samawati inafifia hata zikiwa gizani, na joto na unyevu wa pwani huharakisha uharibifu na kuleta ukungu. SilverFast inaweza kurudisha uwiano wa rangi iliyobaki, ila iliyokwisha kabisa hairudi.

Hukumu yangu: kwa mwenye mamia ya slaidi za familia, shule au kanisa, hii ni skana ya kununua. Ukiipata, hifadhi nakala kwenye diski mbili tofauti, andika mwaka na mahali kwenye kila faili, na uwaulize wazee majina ya waliomo pichani wakati bado wapo wa kukujibu.