Geti la Malori Huanzia Ardhini

Mwenye godauni akitaka geti jipya, swali lake la kwanza kwa fundi huwa bei ya chuma. Fundi hutoa futi, hupima uwazi uliopo, hupiga hesabu ya mabomba na shiti, na siku hiyohiyo wanapatana. Kwa haraka hiyo mambo yanayoamua maisha ya geti yanakuwa hayajaguswa: lori linaingiaje, ardhi ina mteremko kiasi gani, na maji ya mvua yanapita wapi.

Tuanze na lori lenyewe. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.19 na upana wa mita 2.44. Likipandishwa kwenye tela na kuvutwa na kichwa, urefu wote unakaribia mita 17. Ukisimama getini, uwazi wa mita 4 unauona tele, na kweli ungetosha kama lori lingeingia limenyooka. Likikata kona kutoka barabarani, magurudumu ya nyuma ya tela hayafuati njia ya kichwa. Yanakata kwa ndani, na kona ikizidi kuwa kali yanazidi kuisogelea nguzo. Tazama nguzo ya yadi yoyote yenye kona ya namna hiyo: plasta imemeguka upande wa ndani wa kona, kwa kimo cha matairi, na nondo zimeanza kuchungulia. Kipimo cha kuaminika hapa si futi ya fundi. Panga mawe mahali nguzo zitakapokaa, ita lori refu kuliko yote yanayokuja kwako, mwambie dereva aingie na kutoka, kisha sogeza mawe mpaka apite bila kurudi nyuma. Kwa barabara nyembamba mtajikuta kwenye mita 7 au 8, na pengine zaidi.

Lipo jambo ambalo wenye yadi hulipinga, nami nalishikilia. Geti lisikae ukingoni mwa barabara. Lirudishwe ndani kiasi cha urefu wa lori zima, ili mlinzi akikagua karatasi za mzigo mkia wa tela usibaki njiani. Wanasema wanapoteza eneo. Eneo hilo halipotei, kwa sababu ndipo malori yanapopanga foleni, na foleni isipokuwa na mahali pake ndani ya mpaka wako itakaa barabarani, mbele ya daladala na bodaboda za watu wengine.

Sasa aina ya geti. La bawaba ni rahisi kutengeneza, ila wengi hawajui linavyoitesa nguzo. Chukua mlango mmoja wenye upana wa mita 4 na uzito wa kilo 300. Uzito huo ni kama umekusanyika katikati, mita 2 kutoka nguzoni. Bawaba zikiachana kwa mita 1.5, ile ya juu inavutwa itoke nguzoni kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 400, usiku na mchana, na ya chini inaisukuma nguzo kwa nguvu hiyohiyo. Ongeza upepo: mlango huo ukiwa na kimo cha mita 2 na umezibwa kwa shiti, upepo wa kilomita 54 kwa saa unausukuma kwa zaidi ya kilo 100. Nguzo ya tofali iliyozungushiwa zege jepesi haiwezi kuvumilia hayo. Italala kidogokidogo, mlango utaanza kuburuza chini, na fundi ataitwa kukata chuma upande wa chini wakati ugonjwa uko kwenye msingi.

Geti la kusukuma huondoa mzigo huo nguzoni na kuushusha kwenye reli. Reli ya kwetu kwa kawaida ni engo iliyolazwa ncha ikitazama juu, na magurudumu yana mfereji unaoikalia. Lakini malori nayo yanapita juu ya reli hiyo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu gari zito kufikia tani 56 pamoja na mzigo wake, kwa hiyo engo iliyobandikwa juu ya simenti tu itapinda mapema. Ichomelewe kwenye nondo, na nondo zizame ndani ya mkanda wa zege unaovuka uwazi wote. Kama eneo hujaa mchanga na tope, ningeacha reli kabisa na kuweka geti linaloning'inia, ambalo magurudumu yake yako ndani ya uzio juu ya msingi mzito na halina kitu chochote kwenye njia ya lori. Sharti lake ni nafasi ya pembeni: upana wa uwazi pamoja na mkia wa angalau theluthi yake.

Je, geti litazuia gari linalokuja kwa nia ya kuvunja? Kiwango cha Marekani cha ASTM F2656 hujaribu vizuizi kwa lori la kilo 6,800. Kwa kilomita 48 kwa saa lori hilo lina nishati ya kilojuli 610 hivi; kwa kilomita 80 zinafika 1,700. Likipunguzwa mwendo hadi kilomita 24 zinabaki 150 tu. Kwa hiyo kona mbili za lazima kabla ya geti zinaweza kufanya kazi ambayo tani kadhaa za chuma zingefanya kwa gharama kubwa zaidi. Tarehe 7 Agosti 1998, lori la bomu lililofika ubalozi wa Marekani Dar es Salaam lilishindwa kuingia kwa sababu gari la maji lilikuwa limeziba njia getini. Watu 11 waliuawa. Nairobi, asubuhi hiyohiyo, walinzi walikataa kufungua geti la nyuma, lakini kutoka hapo hadi kwenye majengo palikuwa karibu mno, na waliouawa walikuwa 213. Geti bila umbali nyuma yake hulinda kidogo sana.

Kwenye matunzo, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Karibu kila kasoro huanzia sentimita 30 za chini. Maji huingia kwenye bomba la chini, hukosa pa kutokea, na kutu hula kutoka ndani huku rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Toboa matundu ya kutolea maji kabla geti halijapakwa chochote. Pwani, chuma kilichochovywa kwenye zinki ya moto ndicho cha kununua. Kwa chuma kinene kuliko milimita 6, kiwango cha ISO 1461 kinataka wastani wa mikroni 85, na hewa kali ya chumvi hula kati ya mikroni 4 na 8 kwa mwaka. Ukichomelea kitu baadaye, pale ulipochoma kinga imekwisha. Reli ifagiliwe kila asubuhi, na gurudumu linalopiga kelele libadilishwe beringi kabla halijaanza kuila reli.

Ukiweka mota, usitegemee jicho moja la mwanga lililofungwa chini. Mwanga wake hupita chini ya tela, katikati ya ekseli, na geti likadhani njia ni nyeupe. Weka macho mawili kwa vimo tofauti pamoja na waya wa kuhisi chuma ndani ya zege. Ufunguo wa kuachia mota umeme ukikatika ukae kwa mlinzi wa zamu, naye aujaribu kila mwezi.

Kilichobaki ni kipande kidogo cha chuma kisichogharimu chochote cha maana: kizuizi cha mwisho wa reli. Kikikosekana, geti la kusukuma huvuka rola zinazolishikilia juu na kumwangukia anayelisukuma, ambaye mara nyingi ni mlinzi au utingo. Kama yadi yako ina geti la aina hiyo, nenda ukaangalie leo miisho yote miwili. Usipokikuta, geti lisisukumwe tena mpaka fundi akichomelee.