Sarangi Njema Hujulikana kwa Kucha

Katika maduka ya Thamel, Kathmandu, sarangi zinazovuta macho ndizo za kuziacha kwanza: nakshi toka shingoni hadi chini, vanishi nzito inayong'aa. Chombo hiki cha nyuzi, kinachopigwa kwa uta, kilikuwa cha Wagandharba, waimbaji waliokwenda kijiji hadi kijiji na habari za vita na mashujaa. Kilipaswa kuwa chepesi na chenye sauti.

Kinyanyue. Sarangi ya mti wa khiro haichoshi mkono. Huchongwa katika gogo moja, basi mstari wa gundi shingoni ni dalili mbaya. Tia kidole kwenye uwazi wa juu upapase kuta zake. Zikiwa nene mahali na nyembamba pengine, fundi aliharakisha. Uwazi wa chini umewambwa ngozi ya mbuzi. Igonge kwa ncha ya kidole: ngozi iliyokazwa vizuri hujibu mara moja, iliyolegea hutoa mlio mzito tu. Tazama pia chini ya kidaraja kinachoinua nyuzi kama ngozi imebonyea. Msimu wa mvua ngozi hulegea kwa unyevu, kwa hiyo hukumu ya mwezi wa Julai isiwe ya mwisho.

Nyuzi ni nne. Zamani zilikuwa za utumbo. Siku hizi ni nailoni au chuma. Chuma kina nguvu, lakini mimi husikia ukali unaoumiza wimbo wa huzuni. Zile mbili za kati hulinganishwa sauti moja. Zipige pamoja kwa uta: zikianza kugombana baada ya muda mfupi, vigingi vya kukazia nyuzi vinateleza.

Kipimo kikubwa ni kucha. Mpigaji habonyezi uzi kwenye mti, huugusa ubavuni kwa ukucha, na hapo ndipo sauti inapopanda na kushuka bila kukatika, kama koo la mtu. Teleza toka juu hadi chini. Popote sauti inapokwaruza au kufa, nyuzi zimepangwa vibaya. Sarangi ya India ina nyuzi nyingi za mwangwi za kuficha kasoro. Hii ya Nepal haina hata moja.

Kabla ya kununua, sikiliza rekodi za mwimbaji wa sarangi Jhalak Man Gandarbha, mwana wa Batulechaur, Pokhara, aliyefariki mwaka 2003. Kisha mwombe muuzaji apige huku akiimba kwa sauti yake ya kawaida. Maneno yakimezwa na nyuzi, irudishe ukutani.